Shamba la Upana wa Lori

Kabla kuku hawajatoka bandani, Dada Mkubwa alikuwa ameshawasha moto na kubandika chai ya mama yake. Kisha alichukua jembe nyuma ya mlango, akateremka shambani. Alianza kufanya hivyo baba yao alipougua. Baba alipofariki, aliendelea.

Shamba lao lilikuwa la ekari tatu. Halikuwa pana, lilikuwa refu. Lilianzia juu barabarani, likateremka kilima mpaka chini kwenye kijito. Juu, karibu na nyumba, udongo ulikuwa haba na mawe yalichungulia. Katikati palikuwa na udongo mwekundu, mzuri kwa mahindi na maharage. Chini, karibu na kijito, udongo ulikuwa mweusi na wenye unyevu. Baba alipenda kusema kwamba hapo hata ukisahau fimbo, itachipua.

Watoto walikuwa watatu. Dada Mkubwa alikuwa mkulima. Mume wake alikuwa amefariki, naye alirudi nyumbani na watoto wake wawili. Aliyemfuata alikuwa dereva wa lori la mizigo. Wa mwisho alikuwa kinyozi. Alipanga chumba mjini, na kibanda cha kunyolea nacho alikuwa amepanga.

Kabla ya kufa, baba aliwaambia, "Gawaneni sawa. Sitaki kusikia mmegombana juu ya udongo wangu."

Wote walitaka kumtii. Ndiyo maana Jumapili moja walikaa sebuleni na mama yao ili wagawane.

"Tukikata shamba kwa upana, haitakuwa haki," alisema Kinyozi. "Mmoja atapata mawe, mwingine atapata udongo mweusi. Mimi naona tukate kwa urefu, kanda nne. Mama ukanda wake, na sisi kila mtu wake. Kila mtu apate mawe kidogo, udongo mwekundu kidogo, mweusi kidogo. Kila mtu aguse barabara, na kila mtu aguse kijito."

Dereva alicheka. "Kweli kazi ni tabia. Huyu amezoea kuchonga mistari vichwani mwa watu, sasa amehamia kwenye shamba!"

"Lakini nimesema uongo?"

"Hujasema uongo, mdogo wangu. Ni haki tupu."

Dada Mkubwa alikubali kwa kichwa. Hakucheka.

Jioni, walipobaki wawili jikoni, mama alimwuliza, "Mwanangu, mbona leo ulikuwa kimya kama maji mtungini?"

"Mama, nitasema nini? Ukanda mmoja hautatulisha. Tuko wanne hapa, mimi, wewe na watoto. Lakini nikisema tusigawane, wadogo zangu watasema dada anataka kulimeza shamba. Nikisema nina kosa, nikinyamaza nina njaa."

Mama alipuliza moto.

Juma lililofuata walikwenda wote ofisi ya ardhi ili kanda zao ziandikishwe. Chumba kilikuwa kimejaa. Benchi la mbao liling'aa kwa kukaliwa na watu wengi. Feni ilizunguka darini bila kuleta upepo. Waliyemkuta mezani alikuwa mpima ardhi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Viatu vyake vya mpira vilikuwa na matope mabichi, maana hakuwa mtu wa kushinda ofisini.

Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Poleni kwa msiba. Lakini kanda hizi siwezi kuziandikisha. Katika eneo letu, sheria hairuhusu shamba la mazao kukatwa vipande vilivyo chini ya ekari mbili. Vyenu havifiki hata ekari moja."

Kinyozi alisimama. "Bibi Mpima, serikali ilikuwepo baba akifyeka pori lile? Iling'oa kisiki hata kimoja? Leo inatupangia shamba, kesho itakuja kutupimia na sahani!"

Watu kwenye benchi walicheka. Mmoja alisema, "Mwambie, kijana!"

Bibi Mpima naye alicheka. "Hiyo ya sahani ni nzuri. Hebu niambie, wewe unafanya kazi gani?"

"Kinyozi."

"Ukishamnyoa mtu, wembe unaufanyaje?"

"Nautupa. Kila kichwa na wembe wake."

"Kwa nini? Si umeununua mwenyewe?"

"Kuna magonjwa, bibi. Na bwana afya akinikuta narudia wembe, ananifungia kibanda."

"Unaona anakuonea?"

Kinyozi alikuna kidevu. "Mwanzoni niliona hivyo."

"Basi. Si kila kipimo ni uonevu. Ila na mimi nisikudanganye, si kila kipimo ni haki. Usiniamini kwa maneno tu. Keshokutwa nitakuja kwenu. Wekeni kamba pale mnapotaka mipaka ipite, na mtafute ng'ombe wa kulimia."

Siku hiyo ilipofika, kamba tatu zilikuwa zimevutwa kutoka barabarani hadi kijitoni. Mvua ilikuwa inakaribia, na jirani yao alikuja na maksai wake wawili. Jirani huyu watu walimwita Plau, kwa sababu alilimia kijiji kizima kwa plau yake. Maksai mmoja alikuwa mweusi na mpole. Mwingine alikuwa mwekundu, naye aliitwa Shemeji.

"Kwa nini Shemeji?" aliuliza Bibi Mpima.

"Kwenye kazi humpati," alijibu Plau, "lakini chakula kikiiva, amefika."

Bibi Mpima alizunguka shamba taratibu. Aliinama, akashika udongo, akautazama. Kisha akamwuliza Dada Mkubwa, "Baba yenu alikuwa akilima kuelekea wapi?"

"Kukata mteremko. Kutoka mpaka wa upande huu hadi mpaka wa upande ule. Alisema mfereji ukilala, maji nayo yanalala. Mfereji ukisimama, maji yanakimbia na udongo."

"Maneno mazuri. Basi tulime hivyo, lakini ndani ya ukanda wako tu."

Plau aliweka plau chini. Maksai walivuta. Udongo ulifunguka vizuri. Lakini kabla mfereji haujawa mfereji, kamba ya mpaka ilikuwa mbele ya pua zao.

"Geuka!" alipiga kelele Plau. "Geuka, Shemeji!"

Shemeji aligeuka. Alivuka kamba, akaingia ukanda wa Kinyozi na kukanyagakanyaga.

"Wewe! Shemeji wako yuko kwangu!" alisema Kinyozi.

"Sasa ageukie wapi, mgongoni kwangu?"

Walirudi. Upande wa pili maksai waliingia ukanda wa mama, wakang'oa kamba pamoja na kigingi chake. Mama aliyekuwa akitazama kutoka barazani alisema, "Wageni hawa hawabishi hodi." Watoto wa Dada Mkubwa walicheka mpaka wakakaa chini.

Kinyozi hakucheka. "Basi lima kwa urefu. Shida iko wapi? Toka barabarani mpaka kijitoni, mstari mmoja."

"Nalima popote," alisema Plau. "Ng'ombe hawajui sheria. Lakini mvua je?"

Macho ya wote yalikwenda ng'ambo ya kijito. Kule kulikuwa na kilima kingine, nacho watu walikiita Mistari. Zamani kilikuwa shamba la mtu mmoja. Watoto wake waligawana kwa kanda, na wajukuu wakagawana kanda za wazazi wao. Kwa kuwa kanda zilikuwa nyembamba, walilima kuteremka. Sasa mvua ilikuwa imechimba makorongo mekundu, na ndama aliweza kupotea ndani yake. Wenye kanda wengi walikuwa wanalima vibarua kwa watu wengine.

Dada Mkubwa alisema polepole, "Tumekua tukiwatazama wale. Na siku zote tulisema ni wavivu."

"Mimi mwenyewe nimesema," alisema mama.

Dereva alisimama kwenye kamba ya kwanza, akatembea hadi kamba ya pili akiutazama ukanda kwa jicho lililozoea kupima njia. Alirudi akifuta jasho.

"Jamani," alisema, "mnajua upana huu ni nini? Ni urefu wa lori langu na tela lake, basi. Sasa nani anaweza kugeuza lori ndani ya kitu chenye upana wa lori? Tumekata shamba ambalo halina pa kugeukia."

Plau alifungua nira. Shemeji alianza kula majani kabla hajaambiwa.

Waliketi barazani. Dada Mkubwa alileta chai. Bibi Mpima alishika kikombe kwa mikono miwili, akaanza kueleza.

"Nawasifu kwa jambo moja. Wengi hugawana kwa ujanja. Ninyi mmegawana kwa haki, na nia yenu haina kasoro. Lakini shamba si mkate. Mkate ukiukata mara nne, unabaki mkate. Shamba ukilikata mno, linaacha kuwa shamba. Kwanza, ng'ombe hawageuki. Pili, unalazimika kulima kuteremka, na mvua inaondoka na udongo. Tatu, hapa pana mipaka mitatu, na kila mpaka utataka ua na kijia. Ni kama mmemgawia sehemu mtu ambaye hayupo. Na watoto wenu wakija kugawana tena, watagawana nini? Ndiyo maana serikali imeweka kikomo cha chini. Haikukiweka kwa sababu inajua mapenzi ya baba yenu. Imeona Mistari nyingi."

Kinyozi aliinamisha kichwa. Kisha alisema neno ambalo hakulisema sebuleni wala ofisini.

"Nimeelewa habari ya ng'ombe. Lakini niseme ukweli. Mjini ninalala chumba cha mtu, na ninanyoa kwenye kibanda cha mtu. Nikikosa hata ukanda hapa, mimi ni nani? Nitakuja nyumbani kwetu kama mgeni, nibebe na zawadi mkononi. Leo dada ananipenda. Kesho watoto wake wakikua, wataniuliza, mjomba unatafuta nini?"

Dada Mkubwa aliweka kikombe chini.

"Kumbe ndicho kilichokuuma?" alisema. "Mbona hukusema, mdogo wangu? Mimi nami niliogopa. Niliogopa mtaniona mlafi. Nilikuwa nimekubali kufa njaa kwa adabu!"

Dereva alipasuka kwa kicheko, na wengine wakamfuata. Kicheko kile kililegeza kitu.

"Sasa mnazungumza," alisema Bibi Mpima. "Sikilizeni. Kukataza kukata shamba si kumkataza mtu kuwa mwenye shamba. Mnaweza kuandikisha umiliki wa pamoja. Hati moja, majina manne, haki sawa. Hakuna anayeweza kuuza bila wengine wote kutia sahihi. Mtu akifa, haki yake inakwenda kwa watoto wake. Lakini shamba linalimwa likiwa moja."

"Na nani analima?" aliuliza Dereva.

"Hilo mnapanga wenyewe, halafu mnaliandika."

Dada Mkubwa alikuwa ameshalifikiria siku nyingi bila kuthubutu kulitamka. Sasa alilitamka lote, kwa utulivu, kama mtu anayepanga mbegu.

"Mimi nitalima. Mavuno yakija, kwanza tutoe mbegu ya msimu ujao. Pili, chakula cha mama. Tatu, ujira wangu wa kulima, kama ambavyo mngemlipa mtu mwingine. Kinachobaki tugawane mafungu manne sawa. Na hapa juu penye mawe hapaoti kitu. Kila mmoja achague mahali pa kujenga, nyumba zetu zikae pamoja hapa kwenye mawe, na udongo mzuri wote uachiwe mazao. Mdogo wangu, wewe chagua wa kwanza. Usije na zawadi. Njoo na matofali."

Mama alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Baadaye alisema kwamba siku ile ndipo alipojua kuwa mume wake hakuondoka na akili zake zote. Nyingine alizibakiza nyumbani.

"Sheria inaruhusu hizo nyumba?" aliuliza Kinyozi.

"Nyumba kwenye mawe haikati shamba," alisema Bibi Mpima. "Nitaipima na kuionyesha kwenye ramani."

Bibi Mpima alipokuwa akijiandaa kuondoka, Dereva alimwuliza, "Bibi, mimi napita barabara nyingi. Naona mashamba ya mtu mmoja ambayo naendesha mpaka nachoka bado ni yake, na nusu yake ni nyasi tu. Sisi wadogo tumewekewa kikomo. Wale je?"

Bibi Mpima alijibu, "Umeuliza vizuri. Kikomo cha juu bado kinajadiliwa. Wapo wanaosema shamba kubwa linaleta matrekta na ajira, lisiguswe. Wapo wanaosema ardhi iliyolala ni chakula kilicholala, na mtu asiruhusiwe kushika asichoweza kulima. Hata kikomo chetu cha chini kina kasoro. Bondeni kuna mama wa mboga ana nusu ekari. Ana maji, ana mbolea, na analisha soko. Sheria inampima sawasawa na mtu wa kilimani. Mimi kazi yangu ni kupima. Kusema sheria iweje ni kazi yenu. Mwezi ujao serikali itakuja kukusanya maoni kwenye ukumbi wa shule. Njooni."

Walikwenda. Ukumbi ulijaa. Wengine walisema serikali isiguse mashamba ya watu hata kidogo. Wengine walisema bila kikomo, watoto wao watarithi vijia tu. Maneno yalikuwa makali.

Dada Mkubwa hakuwa amewahi kusema mbele ya watu wengi. Alisimama akiwa ameshika ncha ya kanga yake.

"Mimi ni mkulima," alisema. "Tulikata shamba letu, na lilitaka kutufia mikononi. Sheria ilituzuia, na leo naishukuru. Kwa hiyo serikali iweke kipimo. Lakini kabla ya kupima, ikanyage shamba. Kilima si bonde. Penye maji si pakavu. Mkituwekea namba moja kwa nchi nzima mkiwa mmekaa mezani, mtamwumiza mama wa mboga ambaye hajakosa kitu. Na tena, mtu asizuiwe kugawa bila kuonyeshwa njia nyingine. Sisi tulionyeshwa. Je, wasio na mpima kama wetu?"

Alikaa. Watu walipiga makofi, hata baadhi ya wale waliokuwa wakipinga. Kinyozi aliruka kutoka nyuma.

"Naongeza moja tu! Mmetukataza tusivae kiatu kidogo kinachobana. Sawa. Basi na yule aliyevaa kiatu kikubwa mpaka anakiburuza, mwambieni kitu!"

Ukumbi mzima ulicheka, na karani aliandika. Maoni hayo yatakuwa sheria au hayatakuwa, siku ile hakuna aliyejua. Lakini yaliandikwa, na walioyasema walikuwa watu waliojua wanachosema.

Hati moja yenye majina manne iliandikishwa, na msimu huo Plau alilima shamba lote kwa kukata mteremko, kutoka mpaka hadi mpaka. Maksai waligeuka kwa nafasi. Dada Mkubwa alipanda majani ya mifugo kwenye kingo za mifereji, kama Bibi Mpima alivyomshauri, ili mizizi ishike udongo. Mvua kubwa ilipokuja, maji yalisimama kwenye mifereji, yakanyonywa taratibu. Ng'ambo, Mistari ilitiririsha matope mekundu. Mvua zilipopungua, wawili kati ya wenye kanda za Mistari walivuka kijito na kumwomba Dada Mkubwa awaeleze walivyofanya. Hakuwacheka. Aliwapa viti na kuwaeleza tangu mwanzo, bila kuificha sehemu ya Shemeji.

Mavuno yalikuwa mazuri kuliko ya miaka kadhaa iliyopita. Mbegu ilitolewa, chakula cha mama kikawekwa, ujira wa Dada Mkubwa ukalipwa. Kilichobaki kiligawanywa mafungu manne mbele ya wote, na Dereva alibeba fungu la mdogo wake kwa lori mpaka mjini.

Magunia yaliwekwa mlangoni pa kibanda cha kunyolea. Mteja aliyekuwa kwenye kiti aliyaona kwenye kioo.

"Kinyozi, mahindi haya umenunua wapi?"

"Sikununua. Ya shambani kwangu."

"Kumbe una shamba! Kubwa?"

"Ekari tatu."

Mteja alitaka kugeuka, lakini wembe ulikuwa shingoni. "Ekari tatu zote zako?"

"Zote," alisema Kinyozi, akiendelea na kazi yake. "Na ukimwuliza dada yangu, naye atakwambia zote ni zake. Mwulize na kaka, huyo hapo mlangoni. Wote tunasema kweli. Tulia sasa, nisije nikakukata."